Shangazi Mbaya wa Chechelesi

Juzi nilikwenda Isiolo kumwona mjukuu wangu, nikamkuta sebuleni amevaa gauni refu la samawati, sahani ya chapati mapajani, akitazama katuni ya binti mfalme kwenye televisheni. Nilitaka salamu. Nikapewa mkono wa kushoto bila kugeuziwa uso. Basi nikaketi nami nitazame, na wewe nitakuambia ukweli kwa sababu najua hutakwenda kunisema: ule wivu niliodhani umezeeka pamoja na magoti yangu uliamka pale pale kwenye kochi. Binti mfalme wa siku hizi ni mweusi kama mimi. Nywele zake zimejikunja kama zangu, farasi anampanda mwenyewe, na adui yake ni mwanamume mtanashati anayetabasamu kila wakati. "Nyanya, huyu ni mimi," mjukuu akasema, akaendelea na chapati yake. Meno ya mbele bado hajamaliza kuota, na tayari amepewa bure kitu ambacho mimi nilikililia. Nilimtazama vile anavyotafuna bila wasiwasi, nikamwonea wivu mtoto wa mwanangu mwenyewe.

Sisi tulikaa Chechelesi, mtaa wa Isiolo, miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini. Baba alichunga ng'ombe waliowekwa karantini nje ya mji kabla ya kusafirishwa, na mama aliuza kuni. Ni Waturkana sisi, na majirani walikuwa mchanganyiko: Waborana, Wasomali, na Wameru walioshuka kutoka milimani na miraa yao au na kazi zao za ofisini. Asubuhi uliamshwa na adhana, kisha kengele ya misheni, kisha kengele za mbao za ngamia wakipelekwa mtoni, halafu malori ya jeshi yakaja kufunika sauti zote hizo. Kulikuwa na kafyu. Jua likianza kulegea, kila mama aliita watoto wake; maji yawe yameshachotwa, kuni ziwe zimeingia ndani, ugali uwe umesongwa, na moto ufunikwe kwa majivu. Ni nani hasa aliyekuwa huko nje, hatukuambiwa vizuri. Wakubwa walisema shifta, na wakati mwingine walisema askari, kwa sauti ile ile ya chini. Sisi watoto tulijua jambo moja tu, kwamba anayekufungia mlango ndiye aliyekupikia.

Karibu na kwetu kulikuwa na duka la Msomali mmoja, na binti yake tulisoma naye darasa moja. Nikitumwa sukari nilikuwa nasimama pale hata baada ya kupewa sukari. Nyuma ya kaunta kulikuwa na pazia, na pazia likipeperuka ungemwona mama yake ameketi kwenye kigoda, anamchana nywele. Nywele hizo zilifika kiunoni. Zilipakwa mafuta, zikachanwa tena, zikafukizwa ubani, na msichana mwenyewe ametulia tu, anakula anjera, chapati laini ya Kisomali, ya siagi na sukari. Mimi mama alininyoa kwa wembe uani, maji baridi na sabuni ya kufulia, na kichwa kikabaki kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Rangi yake ilikuwa kama chai yenye maziwa mengi. Yangu unaijua. Nilimwonea wivu, na ubaya zaidi ni kwamba alikuwa mkarimu. Akiniona pale alijitokeza, akanikatia kipande cha anjera, akaniuliza kama nimemaliza hesabu. Nilikula anjera yake huku namchukia, ikawa tamu vile vile.

Basi siku moja gari la sinema la serikali likaja shuleni. Tulilizoea. Lilileta picha za kuosha mikono, za kuogesha ng'ombe kwenye josho, za watu wa mbali wakipanda miti. Kwa sababu ya kafyu hatukuweza kutazama usiku kama miji mingine, kwa hiyo ilionyeshwa mchana ndani ya darasa kubwa, na madirisha yakazibwa kwa mablanketi ya jeshi. Joto lake usiulize. Tulikaa tumebanana sakafuni, jasho na mafuta ya nywele na vumbi, jenereta inanguruma nje. Lakini safari hiyo, baada ya josho, yule mwendesha sinema akaweka katuni. Hatukuwahi kuona picha zilizochorwa zikitembea. Hakuna aliyekohoa.

Ilikuwa hadithi ya binti mfalme na shangazi yake. Binti mfalme alikuwa mweupe, nywele za dhahabu mpaka miguuni, na kazi yake ilikuwa kuimba na kulia. Kila chozi lake liligeuka ua. Shangazi alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa nyeusi, uso mkavu, na hakucheka hata mara moja. Ndiye aliyesoma vitabu, ndiye aliyechanganya dawa, ndiye aliyetoa amri zikafuatwa. Akamfungia msichana ndani ya nyumba ya vioo, mpaka akaja mwana wa mfalme wa nchi nyingine, juu ya farasi, akavunja vioo kwa upanga, wakaoana. Mwalimu wetu, dada mmoja wa Kimeru aliyependa mambo mazuri, alisimama kando akitutafsiria. Alipofika kwenye nyumba ya vioo akatueleza kwa nini shangazi alikuwa mbaya: alimwonea wivu binti mfalme kwa uzuri wake. Hapo nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina. Msichana aliyekaa mbele yangu, mrefu kuliko wote baada yangu mimi, aligeuka akanitazama, kisha akarudisha macho kwenye kitambaa cha sinema. Nikajua kila mtu ameona ninavyofanana na yule shangazi.

Nimetazama katuni nyingi tangu siku ile, kwa ajili ya watoto na sasa wajukuu, na kwa miaka mingi zilikuwa hivyo hivyo. Mwanamke mwema hafanyi lolote, anangoja. Mwanamke anayejua kitu, anayesimama wima na kusema ninataka, huyo ni mchawi, na ugonjwa wake ni wivu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza huo wivu aliufunzwa na nani. Mimi ningemjibia.

Aliyeharibu sinema siku ile alikuwa Akko. Ndivyo tulivyomwita, yaani nyanya kwa Kiborana, ajuza aliyeleta maziwa shuleni kwenye vyombo vyake vya kusukwa, maziwa yenye harufu ya moshi. Alikuwa ameingia kupumzika, akaketi kwenye kiti cha mwalimu mlangoni, akawa anafuata picha kwa makini kuliko sisi. Sasa lazima ujue kwamba Waborana wa wakati ule hawakumwachia msichana nywele zote. Alinyolewa utosi, akabaki na duara la nywele pembeni tu, na siku akiolewa ndipo utosi unaachwa uote. Akko alipomwona binti mfalme na nywele kichwa kizima hakuwa na swali. Alitangaza kwamba huyu ni mke wa mtu, ametoroka kwa bwana yake, amekuja kukaa kwa shangazi kulialia. Shangazi kampokea, kampa chumba chenye mwanga, anamlisha. Na nje si salama, kwa hiyo anafunga mlango. Akaona hata taa zinazimwa mapema, akatikisa kichwa kwa heshima: huyo mama anajua kafyu. Alipotokea yule kijana na upanga, akaingia boma la watu bila salamu na kuanza kuvunja, Akko akasimama.

"Shifta huyo," akasema. "Wapi wenyewe wa boma?"

Darasa zima likaangua kicheko. Watoto wa Kiborana walikuwa wakimwelewa, nao ndio walionitafsiria baadaye; watoto wengine walicheka kwa kuwa wenzao wanacheka, na mwalimu akapiga meza, akasema wazee wengine wangebaki na maziwa yao. Akko hakujali. Alitoka na vyombo vyake akilalamika mpaka getini.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwalimu akaamua tuigize hadithi ile. Akapita katikati ya madawati akituangalia. Sikupumua. Nilikuwa na sauti kuliko wote, nilisoma kuliko wote, na kitu nilichotaka duniani kilikuwa kimoja, taji la karatasi ya fedha ya pakiti za sigara lililokuwa tayari juu ya meza yake. Akamgusa bega binti wa mwenye duka, bila hata kufikiri, akasema nywele hizi zimetuletea binti mfalme. Kisha akaniangalia mimi, urefu wangu na weusi wangu, akatabasamu kama mtu aliyepata saizi ya kiatu, akasema, "Na shangazi tunaye."

Nililia njia nzima. Watoto walinifuata nyuma wakiniita shangazi mbaya, na wengine wakaacha neno shangazi wakabaki na mbaya. Nyumbani nikamwambia mama sitarudi shule ile, kwa nini ninafanywa mchawi kwa ajili ya kuwa mrefu na mweusi. Mama alikuwa anafunga mzigo wa kuni. Hakuacha kufunga.

"Mimi mwenyewe ni mrefu na ni mweusi," akasema. "Wewe ulitaka uzaliwe na nani?"

Jibu lilikuwepo, lakini hilo huwezi kumwambia mama yako. Nilitaka kuzaliwa nyuma ya lile pazia.

Tukafanya mazoezi wiki baada ya wiki. Mwenzangu alivaa shuka jeupe, akaketi ndani ya fremu za mbao zilizokuwa nyumba ya vioo, na kazi yake ilikuwa kushika uso na kulia. Mimi nilivishwa blanketi moja la yale ya madirishani, zito, linawasha, nikapewa fimbo na maneno mengi. Mwalimu alisimama mwisho wa uwanja akaniambia nitoe sauti imfikie. Niliitoa. Kila mara niliposema maneno yangu nilikuwa naangalia taji, na mwalimu akanisifu kwamba naigiza wivu vizuri sana.

Halafu mambo ya mji yakabadilika. Ilitoka amri kwamba jamaa fulani fulani wahamie Garbatulla, wakakae pamoja mahali panapolindwa, na mwenye duka alikuwa mmoja wao. Asubuhi hiyo nilitumwa sukari kama kawaida, nikakuta rafu tupu na lori mlangoni. Walikuwa wamepakia magodoro, masanduku, mikeka, na kile kigoda. Binti yao aliketi juu kabisa ya mizigo, nywele amezifunga kwa kitambaa. Unajua nilisikia nini kwanza? Wivu. Sikuwahi kupanda lori maishani, na yeye huyo, juu ya kila mtu, anaona mpaka mlimani. Alinipungia, akainama ili baba yake asisikie.

"Ile nafasi yangu uniwekee," akasema. "Usikubali wampe mtu."

Nikamwambia nitaiweka. Ilikuwa ahadi rahisi, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuiweka juu ya kichwa changu mwenyewe. Lori liliondoka na vumbi, nikabaki na senti za sukari mkononi, na kitu ndani yangu ambacho sikukitambua kwa kuwa hakikuwa wivu.

Siku iliyofuata nilifika shuleni kabla ya kengele. Maneno ya binti mfalme niliyajua, machozi nilikuwa nayo ya kutosha. Nywele tu ndizo sikuwa nazo, na hakuna mwingine darasani aliyekuwa nazo, kwa hiyo nilijiona nimefika. Mwalimu akaingia na fungu la katani. Alikuwa ameichambua, ameichana, ameisuka kwa utepe, ikaning'inia ndefu na ya manjano kuliko nywele zozote zilizopata kuonekana Isiolo. Akamwita binti wa karani, Mmeru mwenzake, mtoto mweupe weupe wa mashavu ambaye kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kama changu, akamvisha katani, akamvisha taji juu yake. Kumbe nywele zinaweza kutengenezwa. Miezi yote ile nilikuwa nikizionea wivu nywele, na nywele hazikuwa kitu. Ningeweza kuvaa katani mimi. Hakuna aliyefikiria.

Siku ya wazazi ikafika. Wageni wa heshima waliketi kwenye viti chini ya turubai, askari wachache wenye bunduki wakisimama kandokando, na kina mama wetu chini, kila watu na wenzao. Mama yangu alikuja na shanga zake zote shingoni. Akko aliketi mbele kabisa. Nilianza kusema maneno yangu, na nilipofika pale shangazi anapokataza mtu kutoka nje mpaka kupambazuke, nilisikia mguno kutoka kwa kina mama. Sikuelewa. Nikasema tena, kwa ukali zaidi, na safari hii waliitikia waziwazi, Waborana kwa Kiborana, Waturkana kwa Kiturkana, kwamba ndivyo, mama, funga mlango. Mwalimu pembeni alikuwa ameshika kichwa.

Sasa mwalimu alikuwa amefikiria jambo ambalo kwenye mazoezi hatukulifanya. Mwana wa mfalme alipovunja vioo sisi tulikuwa tunasema tu kwa midomo kwamba vimevunjika. Yeye alitaka mlio wa kweli. Aliwaficha wavulana nyuma ya pazia na mabati mawili ya jikoni na mawe, akawaambia wapige kwa nguvu zao zote. Nilikuwa nimeyaona yakipitishwa nyuma yangu. Wavulana walimtii.

Mlio ule ulipolia, uwanja mzima ulilala chini. Sisemi waliinama, walilala, tumbo kwa vumbi, wageni wa heshima pamoja na viti vyao. Kina mama waliwalalia watoto. Askari walipiga magoti na bunduki zikatazama kwenye pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na wavulana wa darasa letu wenye mawe mikononi. Mwana wa mfalme aliutupa upanga wake wa ubao akajiingiza chini ya shuka la binti mfalme, na binti mfalme akapiga ukemi, katani ikaanguka, akakimbilia uzio. Aliyebaki amesimama ni mimi. Si ushujaa. Nilijua ni mabati.

"Ni mabati," nikasema, kwa ile sauti niliyofunzwa ifike mwisho wa uwanja. "Ni mabati ya jikoni. Msipige. Wavulana, wekeni mawe chini mtoke."

Walitoka, mikono juu. Bunduki zikashuka. Nikawaambia watu waketi, na wakaketi, watu wazima, wameketi kwa sababu nimesema. Akko alikuwa wa kwanza kujipangusa vumbi. Alinijia pale mbele na kunitemea mate ya baraka kichwani, kama wazee wao wanavyofanya, akawageukia wengine.

"Huyu ndiye mwenye boma," akasema. "Nilisema tangu siku ile."

Mwalimu alimaliza mchezo haraka haraka. Harusi ilifungwa, katani imekaa upande. Kisha mmoja wa wageni akatoa kamera, akaomba apige picha, na mwalimu akawasogeza binti mfalme na mwana wa mfalme mbele, akawanyooshea taji na ukanda. Nilingoja na fimbo yangu. Sikuitwa. Picha ikapigwa, nyingine ikapigwa, wageni wakawapa hao wawili mikono, kisha wakaingia magari kuwahi kafyu. Mama alinivua lile blanketi, akalikunja vizuri kuliko lilivyostahili, akanishika mkono mpaka nyumbani. Kesho yake sokoni alisimulia, na Akko akasimulia, na mwisho wake sikuweza kununua hata chumvi Chechelesi bila kuulizwa kama mimi ndiye yule shangazi.

Mji ule haupo tena, hata kama barabara ni zile zile. Madirisha yale yaliyozibwa mablanketi yalibomolewa zamani, shule ni ya ghorofa. Wasichana wa Kiborana wanafuga nywele watakavyo. Akko amelala makaburini, na maziwa ya siku hizi hayanuki moshi wala chochote. Nikienda Isiolo hupita pale palipokuwa na duka, sasa wanauza simu, vijana wenyewe wananiita shosho, yaani nyanya, wakidhani nimepotea njia. Nimewahi kuwauliza wazee wa kule habari za familia ile. Mmoja aliniambia walitoka Garbatulla wakaenda Wajir, mwingine akasema walivuka mpaka, na mwingine akaniuliza ni familia gani hiyo.

Sitaki taji, siku hizo zimepita. Ninachotaka tangu wakati ule ni kidogo, na ni kibaya, lakini nimeshakuambia mengi. Wiki zile nilipokuwa gumzo la sokoni, kila gari lililotoka upande wa Garbatulla nililikimbilia. Nilitaka binti wa mwenye duka ashuke, atembee mpaka sokoni na zile nywele zake, akute jina linalotajwa kila kibanda ni langu, na uso wake, kwa muda tu wa kununua sukari, unionee wivu. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno ya kumjibu. Na kipande cha anjera ningempa mimi.

Hakushuka.